Kalamu Uzeeni: Utafiti wa Ubongo na Uhakiki wa Kazi za Mwisho

1.0 Utangulizi

Mwaka 1995 kulitokea mambo mawili ambayo, kwa wakati huo, hapana aliyeyahusisha. Huko Uingereza ilichapishwa Jackson's Dilemma, riwaya ya ishirini na sita ya Iris Murdoch. Wahakiki waliipokea kwa heshima iliyochanganyika na mashaka. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo, mjini Frankfurt, ilipatikana faili ya hospitali iliyokuwa imepotea kwa miongo mingi. Ndani yake mlikuwa na maelezo ya mazungumzo baina ya daktari Alois Alzheimer na mgonjwa wake, Auguste Deter, yaliyoandikwa mwaka 1901.

Riwaya hiyo na faili hiyo zilikuja kukutana baadaye. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba Murdoch alikuwa na ugonjwa uliopewa jina la daktari huyo. Alifariki Februari 1999, na uchunguzi wa ubongo wake ukathibitisha habari hiyo. Mwaka 2005 riwaya yake ya mwisho ilichambuliwa, si katika jarida la fasihi, bali katika Brain, jarida la wataalamu wa mfumo wa neva. Tangu hapo mhakiki wa kazi za uzeeni hana budi kulikabili swali ambalo watangulizi wake waliweza kulikwepa: je, mabadiliko ya mtindo katika kazi ya mwisho ni uamuzi wa msanii au ni dalili ya maradhi?

Makala haya yanafuatilia historia ya swali hilo. Hoja inayotetewa ni kwamba matini peke yake hayawezi kuthibitisha ugonjwa, hata yanapohesabiwa neno kwa neno. Yanaweza kuonyesha kuwa jambo fulani limebadilika. Sababu ya mabadiliko hutafutwa nje ya matini, na thamani ya kazi ni suala la tatu, ambalo halijibiwi na daktari wala kompyuta.

2.0 Kabla ya Maabara: Swift na Emerson

Mazoea ya kusoma ugonjwa wa mwandishi ndani ya kazi yake ni ya zamani kuliko sayansi ya ubongo. Jonathan Swift alichapisha Gulliver's Travels mwaka 1726, akiwa mwenye akili timamu na mashuhuri. Katika sehemu ya tatu ya kitabu hicho mna watu wanaoitwa Struldbrugs, ambao hawafi lakini huzeeka. Wakifika umri mkubwa husahau majina ya vitu vya kawaida na hata ya jamaa zao wa karibu. Hawawezi tena kusoma, kwa kuwa kumbukumbu haiwafikishi kutoka mwanzo wa sentensi hadi mwisho wake. Aidha, lugha ya nchi yao imebadilika kiasi kwamba hawaelewani na vizazi vipya. Wamekuwa wageni nyumbani kwao. Ni vigumu kupata, katika fasihi ya karne hiyo, maelezo makali zaidi ya kupotewa na lugha.

Mwaka 1742 Swift mwenyewe alitangazwa rasmi kuwa hana uwezo wa kuendesha mambo yake, na mwaka 1745 akafariki. Baada ya hapo kizazi kwa kizazi cha wahakiki kilirudi nyuma na kudai kwamba wazimu ulikwisha kuwamo katika safari za Gulliver, hasa katika sehemu ya nne, ambamo binadamu hudharauliwa kupita kiasi. Waliompinga zaidi mtazamo huo walikuwa madaktari. Mwaka 1849 William Wilde, tabibu wa Dublin na baba yake Oscar Wilde, aliandika kitabu kuhusu miaka ya mwisho ya Swift akikanusha uvumi wa wazimu wa maisha. Mwaka 1882 J. C. Bucknill alieleza, katika jarida lilelile la Brain, kwamba kizunguzungu kilichomsumbua Swift tangu ujanani kilitokana na maradhi ya sikio. Hivyo basi, kile ambacho uhakiki ulikiona kuwa dalili kilikuwa kejeli ya mwandishi aliyejua alichokuwa akikifanya. Funzo la Swift ni hili: anayejua mwisho wa maisha ya mwandishi huwa mwepesi mno wa kuuona mwisho huo kila mahali.

Kisa cha Ralph Waldo Emerson wa Marekani kina funzo tofauti. Katika miaka ya 1870 maneno yalianza kumponyoka. Inasimuliwa kwamba alipokosa jina la mwavuli alisema ni kile kitu ambacho wageni huondoka nacho. Maelezo hayo yana ucheshi, na pia yanaonyesha kwamba jina linaweza kutoweka huku ujuzi wa kitu ukibaki. Hata hivyo, mkusanyiko wake wa Letters and Social Aims, uliotoka mwaka 1875, uliwezekana tu kwa sababu bintiye Ellen na rafiki yake James Elliot Cabot walipanga na kuunganisha vipande vya miswada yake ya zamani. Kwa mhakiki, swali hapa halihusu ubongo pekee. Linahusu pia uandishi: ni nani mwenye mtindo wa kitabu ambacho mwandishi wake hakuweza tena kukipanga?

3.0 Kutoka Paris hadi Frankfurt

Karne ya kumi na tisa ndiyo iliyoipeleka lugha katika maabara. Mwaka 1861, mjini Paris, Paul Broca aliueleza ubongo wa Leborgne, mgonjwa aliyekuwa ameishiwa na usemi wote isipokuwa silabi moja, "tan". Kidonda kilionekana katika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Huko Uingereza, John Hughlings Jackson alitambua kwamba mgonjwa wa afasia, yaani aliyepotewa na lugha kwa madhara ya ubongo, anaweza kushindwa kutamka ombi la kawaida na bado akaweza kuapa au kuimba. Maneno yaliyokaririwa, kwa maoni yake, yana makao yaliyo imara zaidi kuliko maneno yanayotungwa papo hapo.

Mwaka 1881 Théodule Ribot, mwanafalsafa wa Ufaransa, alitoa kanuni ambayo bado inatajwa. Kumbukumbu, alisema, hubomoka kwa utaratibu: mapya hutangulia kupotea na ya kale hudumu. Katika lugha, majina ya watu hutoweka kwanza, kisha nomino za kawaida, kisha vivumishi na vitenzi; viingizi na ishara za mwili huwa vya mwisho. Kanuni hiyo haikuwa sahihi kwa kila mgonjwa. Umuhimu wake kwa historia hii ni kwamba ilidai usahaulifu una sarufi yake.

Faili ya Frankfurt ndiyo inayoonyesha sarufi hiyo katika kinywa cha mtu mmoja. Auguste Deter alilazwa Novemba 1901, akiwa na umri wa miaka 51. Alipoulizwa jina lake alijibu "Auguste". Alipoulizwa jina la mumewe alijibu tena "Auguste". Akiwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe, alisema anakula mchicha. Alipotakiwa kuandika jina lake kamili aliandika neno la heshima tu, "Bibi", na yaliyofuata yakampotea. Alifariki Aprili 1906. Mnamo tarehe 3 Novemba mwaka huo Alzheimer aliwaeleza madaktari wenzake, mjini Tübingen, mambo aliyoyaona katika ubongo wake chini ya hadubini: nyuzi zilizosokotana ndani ya seli za neva na madoa ya mabaki yaliyogandamana nje yake. Mwaka 1910 Emil Kraepelin aliuita ugonjwa huo kwa jina la Alzheimer katika kitabu chake cha mafunzo ya udaktari.

Msomaji wa fasihi ataona katika mazungumzo hayo jambo ambalo hadubini haikuonyesha. Majibu ya Auguste si kelele tupu. Anashika zamu yake ya kusema, anajua kwamba swali linadai jina, naye analitoa jina moja lililosalia. Umbo la mazungumzo limehifadhika ilhali msamiati umebomoka. Tofauti hiyo kati ya umbo na msamiati ndiyo itakayojitokeza tena, karibu karne moja baadaye, katika nathari ya Murdoch.

4.0 Kurasa za Watawa

Hatua iliyofuata ilitokana na makavazi. Mwaka 1986 David Snowdon alianza kuwachunguza watawa wa shirika la School Sisters of Notre Dame nchini Marekani. Utafiti huo ulipopanuliwa ulihusisha watawa 678 waliokuwa na umri wa miaka 75 na zaidi, na kila mmoja aliridhia ubongo wake uchunguzwe baada ya kufa. Kundi hilo lilimfaa mtafiti kwa sababu maisha yao yalilingana sana: chakula kimoja, kazi zinazokaribiana, makazi ya aina moja.

Utajiri mkubwa zaidi ulikuwa katika kabati za nyumba za watawa. Wengi wao, kabla ya kuweka nadhiri, walikuwa wameandika tawasifu fupi kwa mkono. Mwaka 1996 Snowdon, mwanaisimu-saikolojia Susan Kemper na wenzao walichapisha uchambuzi wa tawasifu za watawa 93, zilizoandikwa wakiwa na wastani wa umri wa miaka 22. Walihesabu wingi wa mawazo katika kila maneno kumi. Miongoni mwa watawa 14 waliokuwa wamekwisha kufariki, wote ambao uandishi wao wa ujanani ulikuwa na mawazo machache walikutwa na ugonjwa wa Alzheimer. Kati ya wale wenye mawazo mengi, hapakuwa na hata mmoja.

Matokeo hayo yalishangaza, lakini yanahitaji tahadhari. Watu 14 ni wachache. Isitoshe, uhusiano uliopatikana unaweza kufasiriwa kwa njia mbili: pengine uandishi wenye mawazo mengi ni alama ya akiba ya akili inayokinga, au pengine ufupi wa mawazo ni dalili ya mapema mno ya kitu kilichokwisha kuanza. Pia, tawasifu ya mtawa mtarajiwa ni utanzu wenye kanuni zake. Msichana anayewaandikia wakubwa wa shirika huenda akachagua unyenyekevu na ufupi kwa sababu ndivyo alivyofunzwa. Mhakiki hawezi kulisahau suala la utanzu hata pale mwanatakwimu anapolisahau.

5.0 Murdoch na Christie

Peter Garrard na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2005, walilinganisha riwaya tatu za Murdoch: Under the Net (1954), riwaya yake ya kwanza kuchapishwa, The Sea, the Sea (1978), iliyopata Tuzo ya Booker, na Jackson's Dilemma. Uteuzi wa mwandishi huyu ulikuwa na sababu za kimbinu. Murdoch aliandika kwa mkono na hakuruhusu wahariri waingilie sana kazi yake, kwa hiyo maneno yaliyochapishwa yalikuwa yake kwa kiwango kisicho cha kawaida. Tatizo la Emerson halikuwepo.

Waligundua kwamba muundo wa jumla na sintaksia havikutofautiana sana katika vitabu hivyo vitatu. Kilichobadilika ni msamiati. Riwaya ya mwisho ilikuwa na aina chache zaidi za maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya kawaida zaidi katika matumizi ya Kiingereza. Sentensi za Murdoch zilisimama wima bado, lakini ghala lililozilisha lilikuwa limepungua.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walilipanua suala hili. Mwaka 2009 Ian Lancashire na Graeme Hirst walieleza kwamba riwaya za mwisho za Agatha Christie, hasa Elephants Can Remember (1972), zina msamiati uliopungua sana, virai vinavyorudiwarudiwa na maneno yasiyo bayana ya aina ya "kitu" na "jambo fulani". Mwaka 2011 wao na wenzao walichapisha ulinganisho wa waandishi watatu: Christie, Murdoch na P. D. James, aliyezeeka akiwa na afya ya akili na ambaye aliendelea kutoa riwaya hata baada ya kutimiza miaka tisini. James hakuonyesha mporomoko kama huo. Kuwepo kwake katika utafiti ni muhimu, kwani kunaonyesha kwamba uzee peke yake si maelezo ya kutosha.

Hata hivyo, Murdoch na Christie hawako katika hali moja. Ugonjwa wa Murdoch ulithibitishwa kwa ushahidi uliokuwa nje ya vitabu vyake. Christie, aliyefariki Januari 1976, hakuwahi kutangazwa na daktari kuwa na dimensia. Kwake yeye, matini ndiyo mshtakiwa na ndiyo shahidi. Inawezekana kabisa kwamba watafiti wa Toronto wamesema kweli. Lakini kauli yao ni dhana yenye nguvu, si utambuzi wa maradhi. Aliyekwisha kuisoma historia ya Swift ataipima tofauti hiyo kwa uangalifu.

6.0 Kumbukumbu Isiyozeeka

Historia ya kupotewa ina upande wake wa pili. Miongoni mwa watawa wa Snowdon alikuwemo mmoja, aliyejulikana katika maandishi ya utafiti kama Sista Mary, aliyefundisha hadi umri wa miaka 84 na kufariki akiwa na miaka 101. Majaribio ya akili aliyofanya karibu na kifo chake yalikuwa na alama nzuri. Ubongo wake, ulipochunguzwa, ulikutwa na madoa na nyuzi kwa wingi. Ugonjwa ulikuwemo katika seli lakini haukuwa umefika katika usemi.

Katika Chuo Kikuu cha Northwestern, Chicago, Marsel Mesulam, Emily Rogalski na wenzao wamewachunguza wazee wa zaidi ya miaka 80 ambao hukumbuka orodha ya maneno kama watu wa miaka hamsini au sitini. Makala yao ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba gamba la ubongo la wazee hao halikuwa limepungua unene likilinganishwa na la watu wa makamo, na sehemu moja ya mbele, katikati ya ubongo, ilikuwa nene kuliko ya watu hao.

Hapa fasihi simulizi ina la kuongeza. Mwaka 1935 Milman Parry, akisaidiwa na Albert Lord, alimrekodi Avdo Međedović, mtambaji asiyejua kusoma, katika iliyokuwa Yugoslavia. Avdo, aliyekuwa mtu mzima wa makamo au zaidi, alitoa utendi mmoja wenye zaidi ya mistari 12,000. Lord aliporudi baada ya miaka kama kumi na mitano alimkuta mzee mgonjwa, ambaye hata hivyo aliutoa utendi huohuo kwa zaidi ya mistari 8,000. Jambo la msingi, kama Lord alivyofafanua katika The Singer of Tales (1960), ni kwamba mtambaji wa aina hiyo hakariri maandishi yaliyoganda. Anakumbuka njia ya kutunga: fomula, matukio ya kawaida na mpangilio wake. Orodha ya maneno kumi na matano ya maabara hupima ghala. Utendi wa Avdo unaonyesha ufundi. Hayo ni mambo mawili, na kipimo cha moja hakifai kutumiwa kulihukumu la pili.

7.0 Wajibu wa Mhakiki

Uhakiki nao umekuwa na nadharia yake kuhusu kazi za uzeeni. Mwaka 1937 Theodor Adorno aliandika juu ya mtindo wa mwisho wa Beethoven, akiuona kuwa wenye nyufa na usiotafuta upatanisho. Edward Said aliiendeleza fikra hiyo katika On Late Style, kilichotoka mwaka 2006, baada ya kifo chake. Kwa mtazamo huo, mapengo, ukavu na urudiaji ni ushujaa wa msanii anayekataa kuufunga mlango kwa adabu. Tatizo ni kwamba mapengo, ukavu na urudiaji ndiyo mambo yaleyale ambayo mwanasayansi huyahesabu kama upungufu. Nadharia inayougeuza kila upungufu kuwa ushindi haiwezi kushindwa na ushahidi wowote. Sayansi inayougeuza kila urudiaji kuwa ugonjwa ina kasoro iyo hiyo.

Jackson's Dilemma yenyewe inadai usomaji wa tatu. Karibu na mwisho wake, mtumishi Jackson yuko peke yake, akihisi kwamba nguvu zake zimemtoka na kumbukumbu zake zinafifia. Msamiati mwembamba unaweza kuwa umetokana na maradhi. Lakini kuchaguliwa kwa wazo hilo, na kuwekwa kwake mahali pa kufungia riwaya, ni tendo la mtunzi. Dalili na sanaa zimo katika ukurasa mmoja, na kukiri ya kwanza hakuifuti ya pili.

Kwa wahakiki wa Kiswahili, tahadhari inafaa kuongezwa. Vipimo vilivyotajwa viliundwa kwa lugha ya Kiingereza. Katika Kiswahili, neno moja kama "hatukuwaambia" limebeba kiima, ukanushi, wakati, yambwa na kitenzi, dhana ambazo Kiingereza huzitenga katika maneno matano. Kuhesabu aina za maneno kwa kufuata nafasi zilizoachwa baina yao kutatoa picha ya uongo, isipokuwa mofimu zitenganishwe kwanza. Tena, shairi la kimapokeo lina kibwagizo kinachorudi kila ubeti, na vina na mizani humlazimisha mtunzi kuchagua neno kwa umbo lake kama kwa maana yake. Kompyuta isiyojua arudhi itamwandikia malenga barobaro cheti cha mgonjwa. Hata "nanii", kiziba pengo cha mazungumzo, huweza kuwa dalili kinywani mwa mzee na kuwa ufundi mtupu kinywani mwa mhusika wa tamthilia.

Kuna pia sharti la makavazi. Utafiti wa watawa uliwezekana kwa kuwa kurasa za wasichana zilihifadhiwa kwa zaidi ya nusu karne. Ule wa Murdoch ulitegemea maandishi yaliyojulikana tarehe zake na yasiyoguswa na mikono mingi. Pale ambapo miswada ya washairi imetawanyika, au matoleo yamesahihishwa bila kuonyesha nani alisahihisha nini, mhakiki hatajua kama anasoma uzee wa mtunzi au kazi ya mhariri.

8.0 Hitimisho

Historia hii imeonyesha mwendo wa zaidi ya karne mbili na nusu, kutoka uvumi kuhusu Swift hadi hesabu za kompyuta juu ya Murdoch. Sayansi imeupa uhakiki zawadi ya kweli: leo inawezekana kuonyesha kwamba msamiati unaweza kupungua huku sintaksia ikisimama, na kwamba mwandishi mmoja hupungukiwa wakati mwenzake wa rika lake anaendelea. Wahakiki wa mwaka 1995 walihisi kasoro bila kuwa na njia ya kuieleza. Hilo si jambo la kuwalaumu, bali ni sababu ya kusoma kwa makini zaidi.

Lakini mpangilio wa maswali haupaswi kupinduliwa. Kwanza huulizwa nini kimebadilika katika matini. Hapo hesabu ina nafasi yake, mradi izingatie lugha na utanzu. Pili huulizwa kwa nini. Hapo unahitajika ushahidi wa nje, na ukikosekana, mhakiki aseme kwamba umekosekana. Tatu huulizwa kazi hiyo ina thamani gani. Swali hilo hujibiwa kwa kuisoma. Mwandishi mzee ana haki ileile aliyokuwa nayo ujanani: kitabu chake kisomwe kwanza kama kitabu, ndipo, pakiwa na haja na ushahidi, kisomwe kama faili.